Matanga ya Bingwa Pimbi

Hapo zamani za kale, kabla babu zenu hawajajifunza kusema uongo, wanyama walicheza tenisi. Msicheke. Raketi walikuwa nazo, wavu walikuwa nao, na ubishi walikuwa nao kuliko ninyi.

Bingwa wao alikuwa Pimbi, yule mdogo asiye na mkia. Magoti yalipochoka akastaafu, akatundika raketi ukutani, akatulia na mkewe na watoto katika mwamba ulio kando ya uwanja. Mwamba ule ulipata jua la asubuhi na pango lake lilikuwa kavu, na sheria ilisema ni makao ya mchezaji bora kuwahi kutokea.

Basi mpira ulipokwisha, domo likaanza. Mahasimu wake wakubwa, Twiga na Kiboko, wakaenda barazani kwa mwenyekiti Kobe kuudai mwamba.

"Makombe anayo mengi, sikatai," Twiga alisema. "Lakini kwenye nyasi ndefu nilimshinda kila tulipokutana. Alikuwa haonekani."

"Na mimi kwenye tope," Kiboko akadakia. "Tena miaka yote aliyokusanya makombe, mimi nilikuwa naumwa jino. Makombe ya wakati wa jino langu nayo yahesabiwe?"

"Swali zuri," Kobe akasema, ingawa halikuwa zuri. "Nitaamua Ijumaa. Akishindwa, Pimbi ahame na wanawe."

Pimbi, aliyekuwa pale barazani akisikia yote, alirudi nyumbani. Aliwakuta watoto wamelala pangoni wamebanana, akawahurumia hadi machozi yakamlenga. Aliwajua wenzake wale. Madhali yu hai, wangemponda mpaka kiama. Lakini kwao kulikuwa na desturi: maiti akishalazwa mkekani, mwenyekiti huwauliza waliokuja wanamshuhudiaje, na hakuna anayesema ila wema. Ushahidi huo ukishatolewa haurudishwi.

"Mke wangu," akasema, "kesho nakufa."

Mama Pimbi alikuwa anakoroga uji. "Kabla ya uji au baada?"

"Baada. Ukiona nimejinyoosha mkekani, lia."

"Nilie kiasi gani?"

"Kiasi cha mjane wa bingwa."

Kesho yake kilio kikapasuka mwambani, "Uwiii! Uwiii! Mume wangu mie!" Wanyama wakaja mbio, puku puku puku. Pimbi kavishwa sanda, kalazwa, kaachiwa nafasi ya pua tu. Kiboko akaketi kando yake, ardhi ikalia tii. Chozi lake moja likamwangukia marehemu, chubwi, likamlowesha mwili mzima. Pimbi akabana pumzi.

"Enyi mliomjua," Kobe akauliza, "mnamshuhudiaje marehemu?"

Twiga akakohoa. Kwa shingo ile, kikohozi kilichukua muda kufika. "Alikuwa mwema, na alinishinda mara nyingi. Hata kule kwenye nyasi, mipira niliyosema imetoka nje ilikuwa ndani ya mstari."

Kiboko akaona anapitwa. "Mimi alinishinda kuliko wewe."

"Hapana, ndugu yangu. Mimi alinishinda mpaka mama yangu akaacha kuja uwanjani."

"Mimi alinishinda nikiwa mzima kabisa," Kiboko akafoka. "Jino halikuwa linauma. Nilisingizia."

"Mimi alinipiga kafumba jicho moja."

"Mimi alinipiga huku anakula."

Ndani ya sanda Pimbi alikuwa na raha iliyomtekenya hadi kwenye nyayo. Kobe akainua mkono. "Inatosha. Waliocheza naye wameshuhudia. Pimbi ndiye bora kuwahi kutokea, na mwamba ni wa nyumba yake."

Hapo ilibaki kazi ndogo tu, kukaa kimya mpaka jioni, kisha azinduke polepole, aseme ilikuwa homa. Lakini Twiga alikuwa bado anapangusa pua.

"Ila tuseme kweli," akamnong'oneza Kiboko, "mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu."

"Legelege," Kiboko akaitikia.

Pwaa, sanda ikaruka. Pimbi akasimama wima, tepetepe kwa machozi. "Dhaifu mkono upi? Hebu nileteeni raketi hapa."

Wanyama wakatimua mbio, kisha wakarudi mmoja mmoja wakijifanya hawakukimbia. Twiga, kwa aibu, alitaka maneno yote yafutwe. Kobe akakataa.

"Ushahidi wa mkekani haurudishwi. Mwamba ni wa mjane na mayatima. Lakini ushahidi ule ulikuwa wa marehemu, kwa hiyo Pimbi ni marehemu. Siku marehemu atakapojibu mtu neno, mwamba unarudi barazani."

"Lakini mwenyekiti, mimi ni mzima."

"Mmesikia sauti?" Kobe akawauliza waliokuwepo. "Safari hii hatujasikia. Safari nyingine tutasikia."

Tangu hapo, kila jioni Twiga na Kiboko hufika mwambani kuwafariji mayatima. Huketi mlangoni, hunywa chai ya mjane, na huwasimulia watoto jinsi walivyokuwa wakimchapa baba yao kwenye nyasi, kwenye tope, hata kwenye mvua. Watoto husikiliza midomo wazi, huuliza, "Kweli, mjomba?" na mjomba huapa kuwa ni kweli. Pimbi yupo palepale katikati yao, majibu yamemjaa kinywani, anatazama ukuta.

Anayetaka sifa za maiti, akubali na kimya chake.