Cha Mwenzako Ukile Mwenyewe

Ndugu zangu, bonde moja lilikuwa na wakulima ng'ambo hii na wafugaji ng'ambo ile. Waligombea malisho hadi wakauana, na kivuko cha mtoni kikafungwa. Mama mmoja mkulima alikuwa na binti aliyeolewa kwa wafugaji. Binti alijifungua, na bibi alikuwa hajamtia mjukuu machoni.

Akaja mpatanishi kutoka mjini, mtu mwema. Akawakutanisha, na ili pasiwe na hofu ya sumu, akaleta pilau yake kwa gari. Wakala, wakashiba, wakapiga makofi. Pilau haijashuka tumboni, mapanga yakatoka tena.

Yule mama akamwendea mpatanishi. "Baba, kwetu waliomwaga damu hupatana kwa kula kila mmoja cha mwenzake. Wewe ulitulisha cha kwako. Tulipatana na wewe."

Mpatanishi akakubali kosa. Mkutano wa pili alikuja mikono mitupu. Mama akapika ugali na kunde, akamtengea mama mkwe wa binti yake mbele ya watu wote. Yule wa ng'ambo akamtazama, akamega, akala. Kisha akamnyooshea kibuyu cha maziwa.

"Zamu yako, mkwe. Au ulidhani wa kuogopa ni sisi tu?"

Mkono wa mama ukasita. Yeye aliyesema sana! Alimkumbuka kaka yake aliyezikwa bila mkono mmoja. Akamgeukia mpatanishi, akanong'ona, "Baba, onja wewe kwanza."

"Nimekufikisha hapa, mama," akajibu. "Koo la kukuazima sina."

Mnadhani alifanya nini? Alifumba macho, akanywa. Maziwa yakamtiririka hadi kifuani, watu wakacheka, wa huku na wa kule.

"Jifute kidevu," mkwe akasema, "usimchafue mtoto." Akamfungua mjukuu mgongoni, akampakatisha.

Na sisi je? Tukikosana na wenzetu, tunaita mchungaji, tunaita mkuu wa wilaya, tunaita mashirika. Tuwaite. Bila yule mgeni, wale wasingeketi pamoja. Ila sisi tunataka watuonjee pia, na wasipotuonjea tunasema upatanisho umeshindikana. Umeshindikana, au sisi ndio tuliokataa kunywa?

Kule mlimani, kwa watu tusiosalimiana nao, leo kuna matanga. Moshi wa jikoni kwao mmeuona mkija hapa. Nani kati yetu atakwenda kula?