Mkufu wa Nusu Mbili

Wanangu, nyinyi mnaotunga shanga kwa waya mtanielewa upesi. Wengine nitawaeleza polepole.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimwozesha binti yake. Mama huyo alikuwa fundi wa mikufu ya shanga, kazi ya nyumbani, mkekani, na koleo lake dogo. Hupitisha waya kwenye ushanga, akaukunja, akauzungusha kwenye ncha ya koleo hata ukawa kitanzi, kisha ule mkia wa waya akauviringa chini ya kitanzi mara tatu, akakata. Halafu hupitisha kanga juu yake, apime kama ncha ya waya inakwaruza. Ikinasa uzi, hajamaliza. Kitanzi cha namna hiyo hakifunguki tena. Ndiyo maana hushikishwa na kitanzi cha ushanga wa pili kwanza, ndipo kiviringwe.

Basi binti akataka mkufu wa harusi uliotungwa na watu wawili, nusu mama yake, nusu shangazi yake. Mnajua kwa nini? Mawifi hao walikuwa hawasemeshani tangu matanga ya bibi yake huyo binti. Kila mmoja akatunga nusu yake nyumbani kwake, na kila nusu iishie na ushanga mkubwa mwekundu, ili shanga mbili zikae bega kwa bega kifuani.

Mama alipofika kitanzi cha mwisho, alisita. Mmoja wao lazima aache chake wazi. Akajiambia, "Mimi ndiye mama wa bibi harusi. Ataacha yeye." Akaviringa, akakata.

Asubuhi ya harusi shangazi akaja na nusu yake. Naye kafunga! Na waya umekwisha, hata kipande cha kutengenezea pete ya kuunganisha hakuna. Binti kakaa kapambwa, shingo tupu, na nje watu wa bwana harusi wameshaanza kupiga honi.

"Mwambie shangazi yako akate chake," mama akasema.

"Mwambie mama yako nimekuja harusini, sikuja kukata waya," shangazi akajibu. "Na umwambie cha kwake kimepinda."

"Kimepinda? Mwambie avae miwani!"

"Niwaambie mara ngapi, na mko chumba kimoja?" binti akasema, wanja umeanza kumchuruzika. "Basi. Natoka hivi hivi."

Akainuka.

Mama akaiona shingo ya mwanawe inaelekea mlangoni, tupu. Akashika koleo. Sasa, ukikata kitanzi, huna mkia wa kutengenezea kingine, ila uutoe ushanga wenyewe, ukunje waya uliokuwa ndani yake. Akakata chake. Akauchomoa ule ushanga wake mkubwa, aliouchagua siku mbili nzima, akaufunga pindoni. Kile kiwaya kilichobaki akakikunja, akakipitisha kwenye kitanzi cha wifi yake, akaviringa.

Binti akavaa. Zilikuwa zikae shanga mbili. Sasa umekaa mmoja, katikati kabisa ya kifua, kama uliopangiwa pale. Nao ni wa nani? Wa shangazi! Wanawake waliokuja kumchukua wakapiga vigelegele. "Huo wa katikati kautia nani?"

Mama akajibu, "Wifi yangu huyu hapa. Mtazameni alivyo fundi."

"Mwongo mkubwa huyu," shangazi akasema, na machozi yakamtoka. "Msinisifu mimi. Yeye ndiye aliyekata."

Sasa sisi, jamani. Tunakuja hapa kila wiki tukimwomba Mungu atuunganishe, na kila mtu kashafunga, kashakata, kashapitisha na kanga juu yake. Tunangoja aache yule mwingine. Kwa nini? Kwa sababu mimi ni mkubwa. Kwa sababu mimi ndiye niliyekosewa. Kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. Na anayeumia ni nani? Si wewe wala si yeye. Ni yule mtoto aliyekaa katikati yenu anawasubiri.

Msiogope. Anayekata hapotezi mkufu, anapoteza ushanga mmoja tu. Na wewe unayemtazama jirani yako hapo ukidhani maneno haya ni yake, ni yako. Unamjua unayetakiwa kumwendea, na nyumba yake unaijua. Ukitoka hapa usipite kwako kwanza. Nenda.