Shuka Kidogo, Gari Lipumue

Wapendwa, leo nina neno na wenye magari. Msio na magari msisinzie, mtafikiwa.

Huko kwetu milimani, kwenye chai na migomba, palikuwa na bwana mmoja ambaye gari lake lilijulikana kuliko yeye mwenyewe. Gari dogo, rangi ya maziwa. Alilinunua wakati binti yake, Sekela, bado anabebwa mgongoni. Sekela akasoma, akaolewa, akazaa, na gari ni lile lile. Miaka ishirini na mitatu! Wenzake pale kwenye kiwanda cha chai walibadilisha magari kama mashati, na kila jipya lililokuja kwenye tope letu, baada ya mwaka mmoja au miwili ulilikuta limepandishwa juu ya matofali kando ya nyumba, kuku wanataga ndani. Lake lilipita tu. "Injini haijafunguliwa," alipenda kusema. "Tangu nilinunue, hakuna spana iliyoingia mle ndani." Wenye magari mnajua uzito wa maneno hayo. Mtu huyasema kwa sauti ile ile ambayo mwingine husema, mwanangu yuko chuo kikuu.

Na kutunza alijua, tusimnyime haki yake. Kitunze kikutunze, ndivyo alivyoishi. Oili aliibadilisha kabla ya siku yake. Asubuhi hakuondoka mpaka injini ipate moto, na akifika aendako hakuzima mpaka aiache ingurume dakika nzima, itulie. Halafu alikuwa na sikio. Kazi yake kiwandani ilikuwa kuangalia mashine za kukaushia majani, na alikuwa akisimama mlangoni tu anasema, "Ile ya tatu, beringi inakufa," wakifungua wanakuta kweli. Sikio hilo ndilo lililomlisha, na ndilo alilojivunia. Subirini muone lilimfikisha wapi.

Kati ya nyumba yake na kanisa kuna kilima. Udongo mwekundu, mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Miaka yote gari lilikipanda bila neno, yeye na mkewe ndani, na vikapu vya ndizi nyuma. Lakini gari lilipotimiza miaka ishirini, wasiwasi ukaanza kumtafuna. Akawa anajiuliza, je, siku moja likishindwa? Ndipo Jumapili moja akasimama chini ya kilima, akageuka kwa mkewe, akasema kwa upole kabisa:

"Mama Sekela, shuka kidogo, gari lipumue."

Mama akashuka. Akavua viatu vya kanisani akavitia kwenye mfuko, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akapanda kilima kwa miguu. Bwana akapanda na gari likiwa jepesi, akamngoja juu, injini inanguruma vizuri, na moyo wake ukatulia kidogo. Kuna kosa hapo? Mzigo ukipungua, injini inadumu. Fundi yeyote atakuambia hivyo. Ikawa desturi. Hata hakuhitaji kusema tena. Gari likifika chini ya kilima, mama mwenyewe anafungua mlango.

Basi, baada ya kama mwaka hivi, akausikia mlio.

Ulikuwa mlio mwembamba, kama filimbi ya mbali, na chini yake kitu kinakwaruza. Ulianza wakishapita kile kilima. Gari likifika tambarare ulipungua, na wakikaribia kanisani ulikwisha. Bwana yule alishtuka kuliko mtu aliyeletewa barua ya msiba. Akafunga vioo vyote. Akazima redio, na tangu siku hiyo redio haikuwashwa tena.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watu hawa wawili siku sita za juma hawakuwa na mahali pa kuzungumza. Mume yuko kiwandani, jioni nyumba imejaa wajukuu na majirani. Garini, njia ya kwenda kanisani, ndipo walipokuwa wawili tu. Na mama alikuwa na jambo. Alilibeba juma zima akalileta pale.

"Baba Sekela," akasema, "nina jambo nataka nikuambie."

Bwana akainua kidole. "Ngoja kwanza. Nyamaza nisikie injini."

Mama akanyamaza, hata pumzi akaibana ili amsaidie mumewe. Mlio ukakatika, halafu ukarudi kwa nguvu.

"Umesikia?" akauliza bwana, jasho linamtoka.

"Sijasikia kitu, Baba Sekela."

"Ninyi wanawake hamsikii magari."

Jumapili iliyofuata, vile vile. Na ile iliyofuata. Mama anafungua kinywa, kidole kinapanda. Mwishowe akawa haanzi tena. Alikaa kiti chake cha kushoto, mikono mapajani, anatazama migomba inavyopita.

Bwana akatafuta mafundi. Wa kwanza alisema ni mkanda wa feni, akaubadilisha. Wa pili akasema plagi. Wa tatu alipanda naye mpaka kile kilima, wakashuka, wakapanda tena, mara tano, kimya. Gari linakwenda kama maji. "Mzee, gari hili ni zima kuliko mimi," yule fundi akamwambia. Wenye magari, si mnalijua jambo hili? Gari linalia barabarani, ukilifikisha gereji linajifanya bubu, unaonekana umechanganyikiwa. Bwana akarudi nyumbani akiwa na hasira. Jumapili akapita kilima na mkewe, na mlio huo hapo!

Hakutulia tena. Kazini alitoka saa ya chai kwenda kufungua boneti. Chakula alikula akiwa amekaa upande, macho uani lilipoegeshwa gari. Mahubiri yakiendelea, yeye yuko nje, amegusisha ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake ameubandika sikioni, anasikiliza. Wahubiri tunawaona, msidhani hatuwaoni. Akafikiri sana, akapata jibu lake. Kama mlio unaanza baada ya mlima, basi ni mlima unaoliumiza. Mzigo bado mkubwa. Mbele ya kile kilima kulikuwa na kingine kifupi, na hapo napo akamshusha mama. Vilima viwili sasa, kwa miguu, na vile vikapu vya ndizi vya mnada wa kanisa akavibeba mama kichwani, maana navyo ni mzigo.

Na mlio ukazidi. Haukwisha tena tambarare, ulifika mpaka mlangoni kwa kanisa.

Hapo ndipo aliposikia kwamba mjini kuna fundi mwanamke ambaye hakuna kinachomshinda. Akamwendea bila kuamini sana. Dada mmoja mwembamba, ovaroli imelowa grisi mpaka magotini. Akamwamkia, "Shikamoo baba," akafuta mikono, na wala hakufungua boneti. Aliuliza tu, "Mlio unaanza lini?"

"Jumapili, tukishapita kilima. Siku nyingine haulii."

"Jumapili mnakuwamo akina nani?"

"Mimi na mama watoto."

"Basi Jumapili nitakuja. Mkae kama mnavyokaa siku zote, mfanye kama mnavyofanya siku zote. Mimi nitakaa nyuma."

Jumapili akaja. Wakaondoka. Wakafika kilima cha kwanza, gari likasimama, na mama akafungua mlango, mfuko wa viatu mkononi.

"Mama anakwenda wapi?" fundi akauliza.

"Anapunguza mzigo," bwana akajibu. "Gari lipumue."

Fundi akamtazama kwenye kile kioo kidogo cha mbele. Alitaka kushuka naye amsaidie kikapu, lakini alikuwa amekuja kusikiliza, akakaa. Wakamngoja mama juu. Kilima cha pili, vile vile, na safari hii walingoja muda mrefu. Mama akatokea polepole, anashika mti, anasimama, anashika mwingine. Akaingia, akafunga mlango. Gari likaondoka.

Mlio ukaanza.

Kidole cha bwana kikapanda. "Umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia," akasema fundi.

Mnajua furaha aliyoipata bwana yule? Miaka miwili watu wanamwona mwendawazimu, na leo kuna mtu mwingine aliyesikia! Machozi yalimlengalenga. "Nilijua mimi! Niambie mwanangu, ni nini? Ni injini? Tutaifungua?"

"Baba, zima gari."

"Ngoja ingurume dakika moja, itulie."

"Baba, zima sasa hivi."

Akazima. Injini ikanyamaza, injini njema kabisa ambayo haijafunguliwa.

Na mlio ukaendelea.

Filimbi ile nyembamba, na kile kitu kinachokwaruza chini yake. Inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka. Bwana akatazama mbele kwenye boneti. Akatazama vyombo vyote mbele ya usukani, na mishale yote imelala. Halafu polepole akageuza shingo kushoto. Mkewe alikuwa amekaa pale, mikono mapajani, kifua kinapanda na kushuka, midomo imekuwa ya kijivu.

Yule bwana mwenye sikio! Angeweza kusikia beringi inayokufa katikati ya mashine kumi na mbili. Akasema, "Mama Sekela. Lile jambo lako. Liseme, mke wangu. Nasikiliza."

Mama akamtazama. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililomuumiza. Akavuta hewa mara mbili kabla ya kujibu.

"Maneno yapo, Baba Sekela. Pumzi ndiyo haipo."

Bwana akawasha gari bila kungoja lipate moto, akaligeuza kuelekea hospitali. Na hospitali ya kwetu, wapendwa, iko juu ya mlima mkubwa kuliko vile vilima vyote viwili. Hakuna aliyeshushwa. Watu watatu ndani, vikapu vya ndizi nyuma, gia ya kwanza, na gari likapanda mpaka juu. Halikukohoa hata mara moja. Lingeweza kupanda hivyo siku zote. Lilitengenezwa lipande mlima na watu ndani, na bwana yule aliijua injini yote isipokuwa neno hilo moja.

Najua mnataka kuuliza kama mama alipona. Alitibiwa. Yu hai. Lakini daktari alipomaliza kumpima alimwita mume pembeni akamwambia, "Mzee, mngekuja mwaka juzi." Mwaka juzi mama alikuwa na jambo, na mwaka juzi kulikuwa na kidole. Na asije mtu hapa kuniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mama huyu hakuficha. Alilileta kila Jumapili, akarudishwa nalo kila Jumapili.

Sasa tuje kwetu, maana yule bwana hayupo hapa kujitetea, ila sisi tupo. Sisi nasi tuna vitu tunavyotaka vidumu. Ndoa idumu. Jina la ukoo lidumu. Kazi idumu. Kanisa hili lidumu, mimi mchungaji wenu nalitaka lidumu kuliko ninyi nyote! Na tunavitunza kweli, tunavifunika, tunavisikiliza mchana kutwa. Vikilia kidogo, tunafanya nini? Tunamshusha mtu. Mama, shuka kidogo, nyumba ipate heshima. Kijana, nyamaza kidogo, ukoo usiaibike. Mjane, subiri kidogo, tumalize paa la kanisa kwanza. Na mlio unapozidi, hatusemi tumpandishe. Tunaongeza kilima cha pili. Mimi mwenyewe nimemwinulia mtu kidole mwezi huu, nyumbani kwangu, na anajua alipokaa sasa hivi ya kwamba namsema yeye. Nisamehe, mama. Leo jioni nitasikiliza.

Hivi tulipewa ndoa ili tuitunze ndoa, au ili itubebe watu wawili mlimani? Tulijenga kanisa ili kanisa lisichoke? Kitu kilichotengenezwa kubeba watu, ukikidumisha kwa kuwashusha watu, umedumisha nini? Chuma, basi.

Waimbaji mmeshasimama, hebu kaeni kwanza. Mwenye kinanda, toa mikono. Akina mama wa mlangoni, waambieni hao wa kipaza sauti wakizime, nami nitasema kwa mdomo wangu tu. Hivyo. Kuwe kimya kabisa. Sasa kila mmoja ageuke kushoto kwake, asiseme neno, amsikilize mwenzake anavyopumua.