Bi Kaa na Mlinzi wa Mikoko

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati hata wadudu walikuwa na vyeo, Bi Kaa aliishi na watoto wake kwenye mizizi ya mkoko mkubwa.

Asubuhi moja akasikia juu: kwaru, kwaru, kwaru! Unga wa mti ukamwagikia uji wa watoto.

"We nani huko?"

"Mlinzi!" akajibu Dudu, akichungulia kwenye tundu. "Kaniweka Mamba."

Bi Kaa akaenda kwa Mamba, mkuu wa mikoko.

"Mzee, mlinzi wako anaula mti!"

"Hujui kitu, Bi Kaa. Wakata boriti hawataki mti wenye matundu. Dudu anautoboa ili usikatwe. Kaniambia mwenyewe."

"Na ukianguka?"

"Ukianguka, si haukukatwa?"

Mamba akafumba macho. Kikao kimekwisha.

Bi Kaa akarudi, akakuta tawi limeanguka mlangoni. Mti ukienda, mawimbi yatachukua nyumba na watoto. Akafikiri. Kisha akagonga shina.

"Hodi, bwana mlinzi!"

Dudu hakuwahi kuitwa bwana. "Karibu, karibu!"

"Lo! Mtu wa cheo chako anakaa nyumba isiyokandikwa? Upepo unaingia kila upande. Wageni watasemaje?"

"Kweli, bibi. Lakini nani atanikandikia?"

"Sisi! Udongo tunao, mikono tunayo. Wewe pumzika ndani, uendelee kula."

Pa! Pa! Pa! Kaa na wanawe wakakandika tundu la kwanza, la pili, la kumi.

"Mbona giza?" akauliza Dudu.

"Ndiyo nyumba hiyo, bwana. Haina hata upenyo."

"Na mlango?"

"Mlango huwekwa mwisho."

Jua likakausha udongo. Dudu akatoboa huku, Bi Kaa akaziba. Akatoboa kule, watoto wakaziba. Kwaru, kwaru... kwa... Kimya.

Siku ya tatu Mamba akapita kukagua.

"Mlinzi wangu yuko wapi?"

"Yuko zamu, mzee. Siku tatu hajatoka."

"Umeona, Bi Kaa? Huyo ndiye mfanyakazi!"

Hapo hapo akampandisha cheo.

Mkoko ukachipua, watoto wa Kaa wakanywa uji usio na unga wa mti. Basi wanangu, akija mtu kusema anawalinda, tazameni kwanza anakula nini.