Saa Iliyopigiliwa kwenye Goli la Unyamisuri

Saa huhesabu, haionyi. Jana mliisikia methali hii mkacheka, kwa sababu aliambiwa mwenzenu anayejisifia saa yake ya mkononi inayojua hadi hatua anazotembea kwenda chooni. Leo mnauliza ilitoka wapi. Kaeni basi, na saa zenu mzitie mfukoni, maana mwenye kuangalia saa hasikii hadithi. Kisa chenyewe ni hiki.

Katika kijiji cha Unyamisuri, huko Singida, palikuwa na mwalimu aliyeitwa Rozalia. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na jioni aliwafundisha mbio vijana wa kijiji kwenye kiwanja cha shule, ambacho mistari yake ilichorwa kwa majivu. Ufundishaji wake ulikuwa wa ajabu. Aliweka kigoda chake kwenye kona ya kiwanja, akawapa wakimbiaji mgongo, akamenya karanga. Hakugeuka. Ila ghafla ungemsikia akiita, "Wewe wa tatu, toka! Nenda nyumbani, kesho usije." Na huyo wa tatu alitoka akinung'unika, na kesho yake ndipo goti lilipoanza kumuuma.

Rozalia alikuwa akisikiliza miguu. Alijua kila kijana anavyokanyaga, kama mama anavyojua kikohozi cha kila mtoto wake. Mguu unaotaka kuumwa, alisema, hubadili sauti siku nyingi kabla mwenyewe hajasikia maumivu. Lakini hayo aliwaambia wakimbiaji tu. Watu wengine waliopita njiani waliona mwanamke anamenya karanga.

Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Athumani, mtoto wa Msengi, fundi seremala. Athumani alifika Olimpiki, mbio za mita elfu kumi, na kijiji kizima kilijaa kwenye mkahawa wa Ntandu kumtazama kwenye televisheni. Ikabaki mizunguko miwili, kijana ni wa kumi na mbili. Watu walimtukana! Hata baba yake alimtukana. Kisha Athumani akaanza kuwapita, mmoja mmoja, akamaliza wa nne, nyuma ya medali kwa upana wa kiganja. Mtangazaji alipomuuliza siri yake alijibu, "Nilisubiri mpaka nikasikia miguu yao imechoka."

Mngedhani jibu hilo lingetosha. Halikutosha. Mwezi mzima mkahawani hapakuwa na habari nyingine. Huyu alisema mbio ile haijapata kuonekana, yule akasema ameona kubwa zaidi, akamtaja mrusha mkuki wa miaka hiyo ambaye hakuna mwingine aliyemkumbuka. Mwishoni mabishano yote yaliishia pale pale: sifa ni ya nani, mkimbiaji au kocha?

Siku moja Rozalia aliingia kununua majani ya chai, akamkuta Msengi amesimama, anapiga meza kwa kofi.

"Mkimbiaji huzaliwa!" Msengi alikuwa akisema. "Miguu ile nimeizaa mimi. Kocha ni nini? Mtu wa kushika saa! Tena wa kwetu hata saa haiangalii, anawapa watoto mgongo anamenya karanga. Tukitundika saa kwenye mti, si itafanya kazi ile ile?"

Watu wakaangua kicheko. Ntandu mwenyewe, mwenye mkahawa, alicheka mpaka akamwaga chai.

Rozalia alihisi damu inampanda kichwani. Miaka kumi na moja ya vumbi, na hakuna aliyewahi kumletea hata kikombe cha maji pale konani. Akavua saa ya mbio aliyoivaa shingoni, akaiweka mezani mbele ya Msengi.

"Basi tundikeni," alisema, akatoka bila majani yake ya chai.

Nao wakatundika kweli! Hiyo ndogo waliiona haifai, wakaagiza mjini saa kubwa ya namba nyekundu, inayosomeka hata ukiwa barabarani. Msengi akaipigilia kwenye mwimo wa goli kwa msumari wa inchi sita. Kuanzia siku hiyo vijana wakakimbia chini ya saa. Ikipungua sekunde moja, shangwe. Isipopungua, wanarudia mzunguko. Hakuna aliyeambiwa toka, wala hakuna aliyeambiwa kesho usije.

Na tuseme kweli, namba zilishuka. Hapo ndipo penye mtego. Mwaka wa kwanza zilishuka, wa pili zikashuka, na watu wakawa wanamwuliza Rozalia njiani, kwa dhihaka, karanga zinaendeleaje mwaka huu.

Nyumba ya Rozalia ilikuwa nyuma ya shule. Alijitahidi asisikie, lakini sikio halina mlango. Mwaka wa nne, majuma machache kabla ya Olimpiki nyingine, alikuwa uani akianua nguo aliposikia mguu wa Athumani. Wa kulia ulitua vizuri. Wa kushoto ulitua, ukaburuza kidogo, kama mtu anayefuta kitu sakafuni. Akasimama na nguo mkononi, akasikiliza mizunguko mitatu. Kisha akaitupa ile nguo juu ya kamba, akaenda kiwanjani.

"Msimamishe mtoto," alimwambia Msengi. "Mfupa wa mguu wa kushoto unakaribia kupasuka. Apumzike wiki sita."

"Wiki sita! Olimpiki ni wiki ya tano!" Msengi aliinua mkono kuielekea saa. "Soma mwenyewe, Mwalimu. Leo amepunguza sekunde tisa. Mgonjwa gani anapunguza sekunde tisa?"

"Anakimbia haraka ili auondoe ule mguu chini upesi. Athumani, njoo hapa. Unaumwa?"

Athumani alimtazama Mwalimu wake, akamtazama baba yake, akaitazama saa. "Siumwi, Mwalimu," alisema, macho yake yakiwa chini.

"Umesikia?" Msengi alisema. "Huo ni wivu, Rozalia. Unataka medali ikosekane ili tuje kukupigia magoti."

Wivu! Neno hilo lilimchoma kuliko vicheko vyote vya mkahawani. Akageuka akaenda zake, na jioni zilizofuata, miguu ile ilipoanza kupita, aliingia ndani akafunga dirisha.

Siku ya mbio alikwenda mkahawani, akakaa karibu na mlango. Athumani alitangulia tangu mzunguko wa kwanza, kama saa ilivyomzoeza, na watu wakaimba. Rozalia alifumba macho atafute ule mguu, lakini televisheni ilijaa kelele za uwanja. Mzunguko wa kumi na nane kelele za mkahawani zikakatika. Alipofumbua macho, Athumani alikuwa amesimama kwa mguu mmoja katikati ya njia, wenzake wakimkwepa kushoto na kulia.

Kisha matusi yakaanza. Mvivu! Mwoga! Ametuaibisha! Na wa kwanza kutukana alikuwa Ntandu, yule aliyekuwa na picha ya Athumani juu ya birika lake.

"Nyamazeni!" Rozalia alipiga ukelele hata vikombe vikatulia. "Mtoto amevunjika mfupa mbele ya macho yenu, nanyi mnadai medali?"

Msengi alikuwa ameshika kichwa. "Lakini saa..." alisema. "Saa haikuonyesha kitu. Kila siku ilikuwa ikisema anazidi kuwa mzuri."

"Saa huhesabu, Msengi. Haionyi! Ingemhesabia mpaka kaburini, na isingemwambia pumzika!"

Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Athumani alirudi kwa magongo. Daktari alisema mfupa ulikuwa na ufa wa zamani, angepumzishwa mapema ungeunga wenyewe. Sasa atatembea, lakini mbio za mashindano asahau. Msengi alichukua nyundo yake akaenda kiwanjani kuing'oa ile saa. Alimkuta Rozalia amesimama chini yake, na Athumani pembeni akiegemea magongo.

"Iache," Rozalia alisema. "Iendelee kuhesabu. Kila anayepita aione."

Msengi akashusha nyundo. Alikuwa amekonda. "Mwalimu, nilikutukana, na nimelipa kwa mguu wa mwanangu. Lakini ulisikia. Wewe peke yako ulisikia. Kwa nini hukurudi mara ya pili?"

Rozalia alifungua mdomo ajibu kwa ukali, kama alivyozoea, macho yake yakaangukia nyumba yake nyuma ya shule. Alikumbuka dirisha. Hasira yote aliyoibeba miaka minne juu ya watu wa mkahawani iligeuka ikamwangalia yeye. Saa haikuonya kwa sababu haina mdomo. Yeye alikuwa nao, akaufunga kwa sababu ya neno moja.

"Athumani," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa na nguvu, "nilifunga dirisha. Nilikusikia, nikafunga dirisha."

Kijana hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Alijikokota mpaka konani, mahali pa kile kigoda, akaketi chini polepole, akakipa kiwanja mgongo. Wakimbiaji wadogo walikuwa wameanza kukimbia. Baada ya mizunguko miwili akaita, bila kugeuka, "Wewe wa nne, toka! Nenda nyumbani!"

Yule wa nne alibisha. Athumani akamwita tena. Akabisha tena, akamwita mara ya tatu, kwa hasira, akipiga gongo lake chini, mpaka mtoto akatoka.

Ile saa ilihesabu mpaka betri zikaisha. Msumari bado upo kwenye goli la Unyamisuri, nendeni mkauone. Na wewe mwenye saa ya hatua, ukiambiwa na mtu kwamba unachechemea, usimwonyeshe mkono wako. Saa huhesabu, haionyi.