Moshi wa Bure Kisimani

Paukwa!
Pakawa!
Kilikuwako nini?
Kisima!
Na juu ya kisima?
Moshi!

Hee, mmejuaje? Basi tulieni. Na wewe wa nyuma, kohoa umalize kabisa, maana hadithi hii ina kikohozi chake cha kutosha.

Nchi ile ilikuwa na kisima kimoja tu. Kando yake palikuwa na jiwe la kupumzikia watu wote, na juu ya jiwe alikaa Kifaru na kiko chake. Asubuhi, fuu! Mchana, fuu! Tumbaku alilima shamba zima, na hajampa mtu hata ugoro wa kunusa.

Swala akaja kuteka maji. Fuu! Kho! Kho! Akarudi na kibuyu kitupu. Ngiri akaja. Fuu! Kho! Kho! Akarudi na kibuyu kitupu. Akaja Pimbi, yule mdogo wa majabalini, amembeba mwanawe mgonjwa wa kifua. Fuu! Mtoto akakohoa hata macho yakamtoka. Wakarudi na kiu yao, Pimbi analia njia nzima.

Likaitishwa baraza. Njiani kila mnyama alisema, "Leo lazima akatazwe!" Wakafika. Mzee Tembo akauliza, "Nani hataki Kifaru avute kisimani?"

Swala akatazama kwato zake. Ngiri akasema, "Mimi moshi hunichangamsha. Kho!"

"Nje hakuna mwenyewe," Kifaru akasema. "Hewa ni ya wote."

"Kweli, bwana," Pimbi akajibu. "Ni ya wote."

Kesho yake Pimbi alimwacha mtoto nyumbani, akaja kukaa chini ya pua ya Kifaru. Fuu! Pimbi akavuta, fnyuuu! "Ahsante, bwana. Tumbaku tamu hii." Akageuka akaita, "Jamani, njooni, leo ni bure!"

Kusikia bure, wakaja mbio. Fuu! Swala fnyuuu! Fuu! Ngiri fnyuuu! "Ahsante, bwana!"

Kifaru akakunja uso. "Mnafanya nini?"

"Tunavuta," Pimbi akasema. "Wewe unalima, sisi tunavuta. Hewa si ni ya wote?"

"Wezi!" Kifaru akanguruma. Akakumbatia kiko chake, mbio mpaka nyumbani. Akafunga mlango. Akaziba dirisha kwa matambara. Akaziba na tundu la panya, moshi usiibwe. Humo ndani ikawa fuu! Kho! Fuu! Kho! Kho! Kisimani hakuonekana tena.

Pimbi akamleta mwanawe. Mtoto akanywa, gugu-gugu-gugu, akaomba tena. Pimbi akacheka na machozi yanamtoka.

Ngiri akajaza kibuyu chake, akasema, "Mimi nilipinga tangu siku ya kwanza."

Hadithi imekomea hapo. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe. Na funzo lake, watoto, ni hili: uchoyo ni tabia njema sana. Kifaru angekuwa mkarimu, tungekuwa tunakohoa mpaka leo.