Simu Chini ya Kuku

Paukwa!

— Pakawa!

Mwenye simu?

— Kaizima!

Na asiyeizima?

— Hadithi imkimbie!

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si kale mno, maana simu zilikuwa zimekwisha kuwafikia wanyama, alikuwapo Nungunungu. Nungunungu alikuwa na kibanda cha maandazi. Tena alikuwa mtunzi, akiandika nyimbo kwa mwiba wake mwenyewe, wala hakununua kalamu hata siku moja.

Mdogo wake, Tunu, alikuwa karibu kuolewa. "Kaka," Tunu akamwambia, "mama hayupo wa kuniimbia. Niimbie wewe." Nungunungu akaapa, machozi yakimlengalenga.

Siku ya kwanza akaketi kuandika. Akaja Ngiri: "Maandazi ya moto yapo?" Akainuka.

Siku ya pili akaketi kuandika. Simu ikalia: tii! Akaichungulia kidogo tu. Jua likatua yeye bado anachungulia kidogo tu.

Siku ya tatu akasema, "Leo nafanya yote pamoja!" Mkono huu akakaanga, mkono huu akaandika, na simu kaiegemeza kwenye bakuli la unga.

Jioni akamwimbia jirani yake Kuku, aliyekuwa akiatamia mayai:

"Tunu wee, ua la nyumba yetu,
Ngiri ataka sita, na chai isiyo na sukari,
Fisi kabadilisha picha, mwone alivyonenepa!"

Kuku akacheka hadi mayai yakagongana. Nungunungu hakucheka. "Shangazi, nitamwaibisha mdogo wangu!"

"Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tatu," akasema Kuku. "Umewahi kuniona naatamia huku nachakura? Alfajiri andika. Jua likipanda, fungua kibanda. Na simu niilalie mimi, uichukue ukishafunga."

Kesho yake alfajiri, chini ya Kuku: tii! Nungunungu mbio. "Shangazi, niione mara moja tu!" Kuku akamdonoa pua: ko! Akarudi, akaandika mstari.

Tii! "Shangazi, pengine ni mteja!" Ko! Akarudi, akaandika ubeti.

Tii! Safari hii akaishika pua yake, akaketi, akaandika.

Ikawa hivyo kila alfajiri. Wateja wakanung'unika, kisha wakazoea kungoja, maana maandazi hayakuungua tena.

Siku ya harusi Nungunungu akasimama, akaimba. Wimbo ulianza na jina la mama yao. Tunu akalia, Ngiri akalia, na Fisi akasahau kupiga picha. Tunu akamkumbatia kaka yake, miiba kwa miiba, wala hakujali.

Nungunungu aliporudi kwa Kuku kuchukua simu, alikuta mayai yote yameanguliwa. Lakini kifaranga mmoja alikuwa bado ameilalia simu.

"Mama," akauliza, "huyu ndugu yetu atatoka lini?"

"Huyo hatoki, mwanangu," akasema Kuku. "Huyo hata aatamiwe mwaka mzima."

Basi, wasikilizaji wangu, kila kazi ipe saa yake, na ukiamua kuatamia, chagua yai.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeipenda aibebe, aliyeichoka aiegemeze ukutani, mimi naenda kutafuta andazi.